Kushona suti ya mwanaanga nyumbani: Sindano iliyofika mwezini

UKIKUTANA na mtu barabarani amevaa suti nyeupe ya mwanaanga, kofia ya kioo kichwani, mabomba kifuani na mzigo mgongoni, utadhani kuna filamu inapigwa jirani. Siku hizi huenda si filamu. Huenda ni mhasibu, dereva wa lori au mwalimu wa shule, ambaye jioni na mwisho wa wiki hujifungia gerejini kushona nakala ya suti waliyovaa Wamarekani walipotembea juu ya mwezi.

Huku ughaibuni watu hao wapo wengi kuliko tunavyodhani. Kuna Ryan Nagata wa Los Angeles, fundi anayefahamika kwa nakala zake ambazo ni vigumu kuzitofautisha na suti halisi ukizitazama kwa mbali. Kuna Adam Savage, yule wa kipindi cha televisheni cha MythBusters, ambaye mwaka 2015 alitembea katika maonyesho ya Comic-Con huko San Diego akiwa ndani ya suti ya filamu ya kale, pamoja na mwanaanga wa kweli wa Canada, Chris Hadfield. Watu walipishana nao bila kujua ni nani aliye ndani.

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunacheka. Mtu mzima, mwenye watoto na kodi ya nyumba, anashona suti ya kwenda mwezini wakati hata nauli ya kwenda kwao Krismasi inamshinda! Lakini tulipoifuatilia habari hii tuligundua kwamba si mchezo mtupu. Ndani yake kuna habari ya mafundi cherehani waliobeba roho za watu mikononi mwao, kuna mavazi ya thamani yanayooza makumbusho, na kuna hatari ya kweli kwa anayevaa bila kujua. Ndiyo maana leo tumeamua kuieleza kwa kirefu.

WASHONA SIDIRIA WALIOSHINDA WAHANDISI

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Suti waliyovaa Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini Julai 1969, iliyoitwa A7L, haikutoka kwenye kiwanda cha ndege wala cha silaha. Ilitengenezwa na kampuni ya ILC ya mji wa Dover, jimbo la Delaware. Kampuni hiyo ilifahamika zaidi kwa nguo za Playtex, yaani sidiria na mikanda ya akina mama ya kubana tumbo.

Mwaka 1965 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilizishindanisha kampuni tatu. Mbili zilikuwa na jina kubwa katika mambo ya ndege. Katika majaribio, kofia ya suti moja iling'oka. Suti nyingine ilipojazwa hewa ilitanuka mabega kiasi kwamba mvaaji asingeweza kurudi ndani kupitia mlango wa chombo. Suti ya washona sidiria ndiyo iliyoshinda.

Sababu yake haina uchawi. Suti ya anga ni mfuko wa hewa wenye umbo la binadamu. Ukiujaza hewa, unataka kuwa kama puto: mikono inanyooka, miguu inakakamaa, na kila unapokunja kiwiko unapigana na hewa. Anayejua kutengeneza nguo inayobana mwili bila kuutesa, inayonyooka na kukunjika mahali panapotakiwa, huyo ana ujuzi ambao mhandisi wa injini hana. Mrusi Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, aliyaona hayo Machi 18, 1965. Alikaa nje takriban dakika 12, suti ikafura, na ilimbidi apunguze hewa ndani yake ndipo aweze kurudi. Nusura abaki huko.

Kule Dover kazi ilifanywa na akina mama kwa cherehani za Singer. Mmoja wao aliyetajwa sana ni Eleanor Foraker, aliyetoka kwenye kushona bidhaa za Playtex akaja kuwa kiongozi wa washonaji wa suti. Walishona tabaka juu ya tabaka, zote pamoja zikifika 21: nailoni iliyopakwa mpira ili hewa isitoke, karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini kuzuia joto, hadi kitambaa cheupe cha nje kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa Teflon. Mshono haukuruhusiwa kupotoka hata milimita moja. Pini, ambazo kila fundi wa kwetu huzishika kwa midomo akiwa kazini, zilidhibitiwa vikali, na suti zilipigwa eksirei kuhakikisha hakuna pini iliyosahaulika ndani. Pini moja tu ingetoboa mfuko wa hewa, na mtu angekufa.

Kwa hiyo anayeketi leo nyumbani kwake kushona nakala hafanyi kitu kigeni kwa suti ile. Anairudisha palepale ilipozaliwa, mbele ya cherehani.

MAVAZI YANAYOOZA

Mtu atauliza, nakala ya nini wakati suti zenyewe zipo makumbusho? Jibu ni kwamba zipo, lakini zinakufa polepole.

Suti zile zilitengenezwa ili zifanye kazi kwa safari moja, si kwa miaka 50. Mpira wa ndani, hasa kwenye maungio yenye mikunjo ya viwiko na magoti, unakauka na kupasuka wenyewe kama raba ya baiskeli iliyosahaulika stoo. Mabomba ya plastiki yanatoa majimaji yanayoacha madoa ya rangi ya chai kwenye vitambaa. Taasisi ya Smithsonian ya Washington, inayozitunza, inaziweka kwenye chumba chenye baridi na hewa isiyo na unyevu mwingi, gizani. Hakuna anayeruhusiwa kuzivaa, na hata kuzikunja mkono ni hatari kwao.

Suti ya Armstrong iliondolewa kwenye maonyesho mwaka 2006 kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 Smithsonian iliomba mchango wa umma kwa njia ya intaneti, na watu zaidi ya 9,000 wakatoa zaidi ya dola 700,000. Ilirudi kuonekana Julai 16, 2019, miaka 50 kamili tangu chombo chake kiruke. Lakini imerudi ndani ya kabati la kioo. Hakuna mtoto atakayeona goti lake likikunjwa.

Hapa ndipo wenye nakala wanapokuwa na maana. Mtu aliyekaa miaka miwili akitafuta kwa nini mshono wa bega umepita nyuma badala ya juu, atakwambia jambo ambalo picha haikwambii. Waliozishona suti zile wanazeeka na wengine wamekwisha kufariki. Vitabu vya NASA vya jinsi ya kuzitumia vipo na vinasomeka bure, lakini maarifa ya mkono hayaandikiki yote kitabuni. Muulize fundi yeyote wa Kariakoo akuandikie namna ya kupachika mkono wa koti. Atakuambia kaa hapa utazame.

CHAGUA SUTI, KISHA CHAGUA SAFARI

Kwa wasomaji wetu watakaopata hamu ya kujaribu, hatua ya kwanza ni kujua unashona suti gani. Hakuna kitu kinachoitwa "suti ya anga" tu.

Rahisi kuliko zote ni ile ya rangi ya chungwa waliyovaa wanaanga wa vyombo vya shuttle wakati wa kuruka na kutua. Baada ya Challenger kulipuka Januari 28, 1986 na kuua watu saba, NASA iliamua wavae suti za kuwaokoa, na rangi ile kali ni ili waonekane baharini wakianguka. Kwa mshonaji, hiyo ni ovaroli pana yenye mifuko, zipu na pete shingoni. Mwenye uzoefu kidogo wa cherehani anaiweza.

Ngumu ndizo za Apollo. Hapa pia unachagua safari. Suti za Apollo 11 hadi 14 zilifungwa kwa zipu inayopita nyuma, katikati ya mgongo hadi chini. Zile za Apollo 15 hadi 17, za mwaka 1971 na 1972, zilibadilishwa kwa sababu wanaanga walipewa gari la kuendesha mwezini, na iliwabidi waweze kupinda kiuno wakae. Zipu ikahamishwa ikazunguka kiunoni. Ukishona zipu ya mgongoni kisha ukapachika nembo ya Apollo 17, wenye macho watakucheka.

Kuna na mistari myekundu. Picha za Apollo 11 zilipofika, ilikuwa taabu kujua nani ni Armstrong na nani ni Aldrin, kwani wote walikuwa weupe kichwa hadi mguu. Ndipo ikaamuliwa kiongozi wa safari awekewe mistari myekundu mikononi, miguuni na kwenye kofia. Apollo 13 haikutua, hivyo wa kwanza kuonekana nayo mwezini akawa Alan Shepard wa Apollo 14, Februari 1971. Nakala ya Armstrong yenye mistari myekundu ni kosa la wazi.

KAZI YENYEWE

Wanaojua kazi hii huanza kwa kukusanya picha. Picha za NASA nyingi ziko huru kutumiwa, na Smithsonian imeweka kwenye intaneti umbo zima la suti ya Armstrong lililopimwa kwa mashine, unaweza kulizungusha na kulitazama kila upande.

Kisha unatengeneza mwili wa kupimia. Unavaa fulana ya zamani, mwenzako anakuzungushia gundi ya utepe toka shingoni hadi nyongani mpaka ikaze, halafu anaikata mgongoni uitoe. Ukiijaza matambara unapata sanamu la mwili wako mwenyewe.

Usikate kitambaa cha bei kwanza. Shona mfano kwa kitambaa cha marekani, kile cheupe kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikileta Zanzibar karne ya 19 hadi kikabeba jina la nchi yao. Wahenga walisema pima mara mbili, kata mara moja. Kwenye suti hii pima mara tano, kwa sababu utaivaa juu ya nguo, pamoja na sponji.

Sponji ndiyo siri. Suti halisi inaonekana nene kwa sababu ina hewa ndani. Ya kwako haitajazwa hewa, na haipaswi kujazwa, kwa hiyo unene unaupata kwa kuweka sponji nyembamba kati ya kitambaa cha nje na bitana, hasa mapajani, mabegani na kiunoni. Bila hiyo utaonekana kama mtu aliyevaa kanzu yenye mabomba.

Kitambaa cha nyuzi za kioo ni ghali na kinawasha ngozi, kwa hiyo wengi hutumia nailoni nzito nyeupe au pamba ya turubai. Viganja vya glavu za mwezini vilifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za chuma, ndiyo maana kwenye picha vinang'aa kijivu. Wenye mfuko mdogo hupaka rangi ya fedha kitambaa cha kawaida. Ncha za vidole zilikuwa za mpira wa bluu ili mwanaanga asikie anachoshika. Usizisahau.

Kifuani kuna matundu ya kuunganishia mabomba: mawili ya bluu hewa inapoingia, mawili mekundu inapotoka, moja la maji na moja la umeme. Zamani wenye karakana walizichonga hizo kwa alumini. Leo printa ya 3D inazitoa kwa plastiki usiku kucha wakati umelala, kisha unazisugua msasa na kuzipaka rangi. Mabomba yenyewe wengine hutumia ya mashine ya kufyonza vumbi. Mzigo wa mgongoni unaundwa kwa mbao nyembamba au maboksi ya sponji ngumu, uwe mwepesi. Suti halisi na mzigo wake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80 hapa duniani. Mwezini, ambako uzito ni moja ya sita, ilihisiwa kama kilo 14 hivi. Wewe huendi mwezini, kwa hiyo usijitwishe.

Kofia ndiyo inayowashinda wengi. Puto la plastiki angavu la taa za nje au la kufunikia kamera za ulinzi ndilo watu huanza nalo. Kofia ya juu, ile yenye kioo cha rangi ya dhahabu, ilipakwa dhahabu halisi nyembamba sana kuzuia mwanga wa jua. Nyumbani inatosha karatasi ya kubandika vioo vya magari, lakini hakikisha unaona mbele na miguuni kabla ya kushuka ngazi.

Kwa walioko nyumbani, vifaa si lazima vitoke ng'ambo. Mitumba ya Gikomba au Karume ina makoti ya mvua, viatu vya theluji, mikoba ya mgongoni, zipu ndefu na vitambaa vya nailoni vya kila aina.

HAPA PANA HATARI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa lisomwe hata na aliyeruka mengine yote.

Suti uliyoshona nyumbani ni nguo. Si chombo cha kukuweka hai. Ukifunga kofia shingoni hadi hewa isipite, utaanza kuvuta tena hewa uliyoitoa mwenyewe. Kichwa kitauma, utasinzia, kisha utaanguka, na kwa kuwa umevaa kofia hakuna atakayeona uso wako umebadilika. Acha nafasi wazi nyuma ya shingo, tena kubwa, na uweke feni ndogo ya kompyuta yenye kuendeshwa kwa powabenki ili hewa mpya iingie muda wote. Feni ikizimika, kofia inavuliwa pale pale.

La pili ni joto. Mwili wa binadamu unatoa joto kama taa isiyozimwa. Wanaanga wa Apollo walivaa ndani nguo iliyoshonewa mabomba membamba ya maji, urefu wake kama mita 90, yakizungusha maji baridi kwenye ngozi. Wewe huna mabomba hayo. Umevaa nailoni, sponji na plastiki katika ukumbi uliojaa watu. Kunywa maji kabla, vaa kwa vipindi vifupi, na usitoke bila msaidizi asiyevaa suti ambaye kazi yake ni kukuuliza hali yako na kufungua kofia. Wakubwa wa kazi hii hawatembei peke yao.

La tatu: usijaribu kuijaza hewa, na usiweke mtungi wa oksijeni. Januari 27, 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moto ndani ya Apollo 1 wakiwa bado ardhini, kwenye mazoezi, kwa kuwa chombo kilijazwa oksijeni tupu. Ni baada ya ajali ile ndipo kitambaa cha nje cha suti kikawa cha nyuzi za kioo kisichoshika moto. Weupe ule unaoupenda kwenye picha umegharimu maisha ya watu watatu.

Hata wenye suti halisi hawako salama moja kwa moja. Desemba 14, 1966, fundi Jim LeBlanc alikuwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa huko Houston akiijaribu suti, bomba likachomoka. Alipoteza fahamu baada ya sekunde kama 14. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Walirudisha hewa haraka akapona. Na Julai 16, 2013, Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo cha anga maji yalipoanza kujaa ndani ya kofia yake, nusura yamzamishe mahali pasipo na hata tone la bahari. Kama haya huwapata wenye wahandisi mia nyuma yao, sembuse wewe na gundi yako?

Mzazi anayemshonea mtoto asimfunge kofia kabisa. Iwe wazi mbele, bila kioo. Mtoto atafurahi vilevile.

KUTOKA MEZA YA CHAKULA HADI NASA

Wapo walioanza hivi hivi nyumbani wakafika mbali. Mwaka 2007 NASA iliendesha mashindano ya kutengeneza glavu bora ya mwanaanga. Glavu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwani vidole vinatakiwa vifanye kazi ndogo ndogo huku hewa ikivikakamaza. Aliyeshinda dola 200,000 ni Peter Homer, mhandisi wa jimbo la Maine aliyekuwa hana ajira, aliyetengeneza glavu yake kwenye meza ya chakula nyumbani kwake. Mwaka 2009 alirudi akashinda tena, dola 250,000.

Aliyekuwa wa pili mwaka huo, akapata dola 100,000, ni Ted Southern wa Brooklyn, msanii aliyekuwa akitengeneza mabawa ya maonyesho ya mitindo ya Victoria's Secret. Yeye na Nikolay Moiseev, aliyewahi kutengeneza suti za anga Urusi, wakafungua kampuni yao ya suti. Huko Portland, Oregon, mwanaanthropolojia Cameron Smith alijiundia suti inayoshika hewa kweli kweli kwa vifaa vingi vya duka la kawaida. Lakini huyo alisoma na kupima hatua kwa hatua kwa miaka, si kazi ya wikiendi.

Na kampuni kubwa zenyewe zimerudi kwa washonaji. Suti nyeupe walizovaa wanaanga wa SpaceX Mei 30, 2020 zilibuniwa na Jose Fernandez, mtengenezaji wa mavazi ya mashujaa wa filamu za Hollywood. Suti mpya ya mwezini ya kampuni ya Axiom Space ilipoonyeshwa Machi 2023, ganda lake la nje la maonyesho lilibuniwa na Esther Marquis, mbunifu wa mavazi ya tamthilia. Oktoba 2024 suti hiyo ikaonyeshwa tena Milan, safari hii Axiom ikiwa imeshirikiana na Prada, nyumba ya mitindo ya Italia. Miaka karibu 60 baada ya Playtex, fundi wa nguo ameitwa tena mezani.

AFRIKA NAYO IMO

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Si kweli. Waafrika nao wameshona.

Mwaka 1964 Edward Mukuka Nkoloso wa Zambia, mwalimu na mpigania uhuru, alitangaza kwamba anafundisha vijana wa kwenda mwezini, akiwavingirisha ndani ya pipa kuteremka kilima ili wazoee. Waandishi wa nje walimcheka sana. Pesa alizoomba hazikuja. Mwaka 2012 Mhispania Cristina de Middel alitoa kitabu cha picha kuhusu habari hiyo, na suti za vitambaa vya maua zilizomo zilishonwa na bibi yake.

Gerald Machona wa Zimbabwe alishona suti ya mwanaanga kwa noti za Zimbabwe zilizokuwa zimekosa thamani. Na Kinshasa kuna kundi la Kongo Astronauts, lililoanzishwa mwaka 2013 na Michel Ekeba na Eléonore Hellio. Ekeba hutembea mitaani katikati ya magari na wachuuzi akiwa ndani ya suti iliyofunikwa kwa mabamba ya kompyuta na simu zilizotupwa.

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Kolwezi na Lubumbashi wataielewa suti hiyo kuliko mtu yeyote. Koltani na kobalti zinazoingia kwenye simu na betri za dunia zinatoka kwenye ardhi yao. Zinakwenda nje kama madini, zinatumika, kisha nyingine zinarudi Afrika kama takataka. Ekeba anazivaa na kupita nazo mbele ya watu.

FUNDI WA MTAANI KWETU

Tunarudi kwa fundi cherehani. Nyumbani tumezoea kumwona kama mtu aliyeshindwa shule. Tunamcheleweshea pesa yake, tunamgombeza kwa suruali ya Idi, na mtoto akisema anataka kuwa fundi tunashika kichwa. Lakini NASA, ikiwa na fedha zote na wasomi wote, ilimtafuta mtu mwenye sindano ndipo ikafika mwezini.

Huku Marekani Halloween huja kila Oktoba, na Uingereza kuna siku ya shule watoto kuvaa kama watu wa vitabuni. Kila mwaka tunanunua nguo za plastiki zinazochanika siku hiyo hiyo. Badala yake kaa na mwanao mshone glavu moja tu, si suti nzima. Mfundishe kupima, kukata, kupindua mshono na kupiga pasi. Akikwama kidole gumba, ambacho humkwamisha kila mtu, mpigie simu shangazi au fundi wa nyumbani, mwonyeshe kwa video, aeleze pale panapotakiwa kukatwa. Mlipe kwa ushauri wake, kama mnavyomlipa wakili.

Glavu ikikaa vizuri mkononi, nendeni kwenye kiwiko. Mwenye kufika hapo anaweza kufika mabegani. Wasomaji wetu mlio na kazi kama hizi gerejini, Muscat, Leicester, Minneapolis au Mombasa, tutumieni picha zenu, za suti zilizokamilika na za zile zilizokwama njiani. Tungependa kuziona zote.